Ulijuaje Kwamba Umeelewa?

Kinama, Bujumbura
14 Januari 2024

Yaya Murhula,

Salamu kaka yangu, kutoka kwetu sote. Huku tu wazima, ukiacha mafua yangu ya mvua na paa la jikoni, ambalo limechagua kuvuja juu ya moto wenyewe, si pembeni. Mume wangu Dieudonné bado anapanga foleni ya mafuta ya pikipiki. Juzi alirudi na chupa moja ya limonadi iliyojaa esansi, ameikumbatia kama mtoto mchanga.

Irène wenu amerefuka. Mwambie wifi yangu Consolée kwamba mavyala wake sasa ananifika begani. Bado nacheka nikikumbuka alivyokuwa akimwita hapa uani, "Mavyala, njoo ule," na huyo mama mkwe mwenyewe hana meno ya mbele. Nimempa Tajudini, yule fundi wa moteri za meli, kitenge cha Consolée aje nacho pamoja na barua hii, kile cha ndege wa kijani alichokitamani kabla hamjahamia Kalemie mkatuachia mtoto.

Sasa nikueleze jambo la shule, maana linanifurahisha na sina wa kumwambia. Unajua darasani nina watoto themanini na mmoja. Kuna mmoja anaitwa Libère, anasoma kwa sauti kama mtangazaji wa redio, hakwami popote. Mwezi wa kumi na moja alinisomea ukurasa mzima juu ya mwanamke na mbuzi wake aliyeibwa. Nikamuuliza, "Libère, mbuzi alienda wapi?" Akaniangalia kwa huruma: "Madame, mi nilikuwa nasoma tu, sikukuwa nasikiliza."

Nilicheka, halafu nikaona aibu. Miaka kumi na miwili nimewafundisha kutamka maneno, na sikuwahi kumuuliza hata mmoja kinachotokea kichwani mwake anapoyatamka. Kwa hiyo sasa kila Ijumaa tunasoma kipande kifupi, kisha kila mtoto anafungua daftari lake na kujibu: Nilikwama wapi? Nilifanya nini nilipokwama? Nilijuaje kwamba nimeelewa? Ni hayo tu. Irène wako anaandika kuliko wote, na si kwa sababu mwalimu ni shangazi yake.

Yaya, tafuta simu nyingine. Ile yako iliangukia majini mwezi wa kumi na moja, ulivyotuandikia kwenye barua ya Krismasi, sasa ni Januari. Mtoto anataka kusikia sauti ya mama yake.

Nakuachia hapa, mkono umechoka na wali unaungua.

Mdogo wako,
Orpha


Kalemie
9 Februari 2024

Mdogo wangu Orpha,

Barua yako imefika ikinuka mazuti ya injini ya meli, lakini imefika. Nimefurahi kusikia mko wazima. Mpe pole Dieudonné na foleni zake. Huku kazi ya depo ya simenti inaendelea, mgongo unalalamika, ziwa limepanda mpaka kwenye ngazi za watu.

Consolée hajambo, yuko sokoni na samaki wake, zile ndagala. Kitenge amekipenda sana, ameshakipeleka kwa fundi. Umsomee mtoto maneno haya, mama yake ameyasema akiwa hapa pembeni yangu: "Irène mwanangu, soma kwa bidii, umsikilize shangazi yako, mama anakukumbuka kila siku."

Simu nitanunua. Mtandao wa huku si wa kutegemea hata ukiwa nayo.

Sasa hilo daftari. Nimesoma barua yako mara mbili na sikulipenda mara zote mbili. Nani amekupa wazo hilo? Usiniambie ni wewe mwenyewe. Kuna mgeni aliyekuja shuleni na fulana ya shirika? Madaftari yanakwenda wapi mwaka ukiisha? Nani anayasoma baada yako?

"Ulijuaje?" Orpha, swali hilo mimi nalijua. Wewe pia unalijua. Tulikuwa na miaka tisa na kumi na mmoja, walituweka vyumba viwili kwenye ile ofisi ya kuandikisha wakimbizi, kila mmoja na mtu wake na kalamu yake. Ulijuaje kwamba waliovamia nyumba walikuwa watu watano? Ulisimama wapi? Nyumba yenu ilikuwa na milango mingapi? Wewe ulisema miwili, mimi nikasema mmoja. Wakamwambia Baba kwamba watoto wake hawasemi jambo moja, na faili lake likafungwa. Mpaka anakufa hakutuuliza nani kati yetu alikosea, na ndiyo sababu sijasahau.

Leo wewe unamkalisha binti yangu na kumuuliza maswali yale yale kila Ijumaa, na unaniambia linakufurahisha. Mwache mtoto asome kama sisi tulivyosoma. Kilicho kichwani mwake kibaki kichwani mwake.

Wasalimie wote.

Kaka yako,
Murhula


Kinama
3 Machi 2024

Yaya,

Tunamshukuru Mungu, tunapumua. Paa limezibwa na Dieudonné kwa bati na matusi. Irène alikuwa na malaria siku nne, sasa amepona, anakula sombe mpaka sufuria inalia. Nilimsomea maneno ya mama yake. Alitabasamu kidogo, akaniomba barua akaisome mwenyewe, nikampa. Hajairudisha.

Nianze na kitenge. Yaya, kitenge kiko hapa. Kiko juu ya kiti ninachokitazama nikiandika. Siku ile ile niliyompa Tajudini, alirudi akakiacha: "Madame, muzigo ni mingi, tutakipeleka siku ingine." Barua ilikuwa imeshafungwa, sikuona haja ya kuifungua kwa ajili ya kitenge. Sasa niambie, ni fundi gani wa Kalemie anayeshona kitenge kilichoko Kinama?

Nilimfuata Tajudini kwenye karakana yao ya moteri za meli, kule Zone Industrielle. Nikamuuliza, "Wifi yangu unamwonaga?" Akajifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Mi natengeneza moteri, madame. Mambo ya barua njo yenu, si yangu." Mtu wa Buyenzi, anayesalimia mpaka mbuzi wa jirani, akanigeuzia mgongo.

Mimi si mjinga, Murhula. Mmegombana? Umempiga akaondoka? Kuna mwanamke mwingine ndani ya nyumba ya wifi yangu? Sema. Nimekaa na wanaume wa ukoo wetu tangu nizaliwe, hakuna utakachoniambia nikazimia.

Juu ya daftari, hauko peke yako. Mwezi uliopita baba mmoja, Télesphore, naye mkimbizi, ametoka upande wa Fizi, alisimama katikati ya mkutano wa wazazi: "Madame, bile makaye binaenda wapi? Nani iko anabisoma?" Wazazi wote wakanigeukia, na katika macho yao nikaiona ile ofisi ya zamani. Nilijibu kwamba madaftari yanakaa ndani ya sanduku darasani, ufunguo ninao mimi, mtoto anaweza kuchana ukurasa wake wakati wowote, na siwezi kumwonyesha mtu bila ruhusa ya mwenyewe. Télesphore alikaa. Sijui kama aliniamini.

Hakuna shirika wala fulana. Wazo lilitoka kwa Libère na mbuzi. Na usidhani kazi yenyewe ni rahisi. Nilipomsifu mtoto mmoja aliyeandika "nilirudi nyuma nikasoma tena", Ijumaa iliyofuata watoto sitini wakaandika hivyo hivyo, hata wale ambao niliwaona kwa macho yangu wakichora mpira. Niliudhika. Halafu nikaelewa kwamba wananiogopa kama sisi tulivyowaogopa wale wa kalamu, wananipa jibu la kupita. Kwa hiyo nikaandika ubaoni kosa langu mwenyewe: nilisoma tangazo la maji la mtaa, nikaelewa Jumanne kumbe ni Alhamisi, nikakaa siku mbili bila maji. Nilikwama wapi? Sikukwama, ndiyo tatizo, nilisoma haraka nikidhani najua. Walicheka kweli. Wiki hiyo mmoja akaandika: "Nilikwama kwa neno la tatu. Nilimuangalia Irène." Huo ndio ukweli ninaoutafuta.

Wale waliuliza ili watukamate. Mimi nauliza ili mtoto ajikamate mwenyewe kabla hajadanganywa na karatasi. Kama huoni tofauti, basi bado umekaa kwenye meza ya ile ofisi.

Nasubiri jibu la kitenge.

Orpha


Kalemie
20 Machi 2024

Orpha,

Salamu kwa nyumba. Sisi wazima.

Kitenge nilikosea, nilidhani ni kingine, Consolée ana vitenge vingi. Usinijengee kesi kwa kitambaa.

Tajudini akirudi huko wiki ya mwisho ya mwezi, mpe mtoto na nguo zake. Atamleta kwa meli. Nimeamua. Shule zipo hata huku, na walimu wa huku wanafundisha kusoma, hawachungulii vichwa vya watu. Daftari lake lichome kabla hajaondoka.

Usinijibu kwa barua ndefu.

Murhula


Kinama
21 Aprili 2024

Yaya Murhula,

Amani iwe nyumbani mwako. Hii itachelewa: maji ya ziwa yamefika mpaka mitaa ya chini, gati limejaa matope, meli zinasubiri zamu. Sisi huku juu hatujambo. Dieudonné anakusalimia, na anasema usiniandikie tena kwa sauti ile.

Tajudini alikuja Ijumaa Kuu, kama ulivyomtuma. Nilimpa kiti. Chai hakunywa, alikuwa amefunga, mfungo wao ulikuwa haujaisha. Alikaa akizungusha kofia mikononi, akasema, "Nimetumwa kuchukua mutoto." Irène alikuwa uani anaanua nguo. Tajudini akamwangalia kupitia mlangoni muda mrefu, kisha akainama kwangu: "Madame, tafazali. Usinipe ule mutoto. Sema umekatala."

Nikamuuliza kwa nini. "Uulize kaka yako. Mi niliapa."

Basi nimekataa. Mtoto haendi popote mpaka nijue anakwenda kwa nani.

Na sasa kitu kigumu. Wiki baada ya Pasaka, Irène aliacha daftari lake wazi juu ya meza yangu badala ya kulirudisha sandukuni. Watoto hawasahau hivyo kwa bahati. Nilimuuliza kama nisome, akatikisa kichwa kukubali. Baadaye nikamuuliza kama nikutumie, akakaa siku tatu, akasema, "Andika kama vile nimeandika, Shangazi. Usitengeneze makosa." Nanakili bila kugusa herufi.

"Nilichosoma: barua ya Baba ya mwezi wa pili.

Nilikwama wapi: pale Mama anasema Irène mwanangu.

Nilifanya nini: nilirudi nyuma nikasoma tena. Halafu nikachukua barua ya Krismasi nikaisoma tena. Na kule Mama anasema Irène. Lakini Mama hasemagi Irène. Ni jina la mama mukwe wake, hawezi kulitaja, ni haya. Ananiita Mavyala. Hata siku nilianguka ndani ya mufereji ya maji mingi alipiga kelele Mavyala, Mavyala, watu wakatafuta bibi muzee.

Nafikiri: mwenye kusema pale si Mama. Ni Baba anajisemea.

Swali langu: kwa nini Baba anaandika na simu ziko? Nafikiri ni kwa sababu kwa simu ningesema nipe Mama.

Nilijuaje kwamba nimeelewa: sijaelewa bado. Ninaogopa kuelewa."

Yaya, mimi mwalimu wa kusoma. Ule mstari niliusoma kwa sauti mbele ya mtoto, nikausoma tena peke yangu, na nikaupita mara zote mbili. Consolée ameishi nyumba moja nami miaka sita na sikuwahi kumsikia akitaja jina la mama yetu, hata siku tulipomzika. Nilijishughulisha na kitenge. Binti wa miaka kumi na moja aliona.

Sikuulizi tena kama mmegombana. Nakuuliza Consolée yuko wapi. Kama ameondoka, sema ameondoka. Kama ni lile jingine, siliandiki, utaliandika wewe. Lakini mtoto huyu amebaki na nusu, na nusu inamla. Anaanza kunitilia shaka hata mimi. Juzi nilimwambia viazi vimeiva, akaja kuvichoma uma mwenyewe.

Orpha


Kinama
2 Juni 2024

Murhula,

Sitaanza na habari za paa.

Meli imekuja mara mbili. Mara zote mbili Tajudini alinionyesha mikono mitupu kabla sijafungua mdomo.

Irène anaandika sasa kila Ijumaa sentensi moja: "Nimeelewa yote." Ndivyo wanavyoandika watoto wanaotaka uwaache. Mwezi wa tatu alikuwa akijaza kurasa mbili. Umetaka nimfungie daftari, ona, limefungwa.

Naomba. Mimi ni mdogo wako na sijawahi kukuomba kitu tangu nilipokuwa msichana. Naomba.

Orpha


Kalemie
16 Juni 2024

Mdogo wangu,

Nimepokea zote. Ile yenye maandishi ya mtoto nimetembea nayo wiki nne ndani ya shati, jasho limefuta mwisho wake, lakini naijua bila kuitazama.

Consolée alifariki tarehe 19 Novemba. Ni kipindupindu. Asubuhi ya Jumamosi alikuwa anaosha ndagala, mchana hakuweza kusimama. Jumapili walikuja watu wenye glavu na mabuti, wakapulizia dawa chumba chote, wakamfunga ndani ya plastiki mbele yangu. Hawakuniruhusu kumwosha wala kumbadilisha nguo. Hapakuwa na wimbo. Kaburini tulikuwa mimi na Tajudini, meli yao ilikuwa bandarini siku hiyo, yeye akasoma dua yake na mimi nikashindwa kusoma yangu. Nikamwapisha palepale kwamba hatasema. Usimlaumu. Kila safari ananiuliza, "Umeandika?" Nami nampa bahasha na kumwambia nimeandika. Ulipompa kile kitenge, hakuweza kubeba nguo ya mtu aliyemzika. Nilipousoma mstari wako juu ya kitenge nikadhani amekiuza au amekitupa, na nikaona ni afadhali nishukuru kuliko kuulizwa.

Usiku wa Jumamosi Consolée aliniambia kitu kimoja tu cha maana. "Mavyala asiambiwe na telefone. Mutu asimuambie na telefone." Alijua mtoto atakuwa peke yake na kile kisimu cha shangazi, hana wa kumshika. Jumapili hiyo Irène alipiga mara nane. Nane, Orpha, nilikuwa nayo mkononi inalia. Simu haikuanguka. Niliirusha mwenyewe.

Nikasema nitaandika barua. Nilikaa nikaandika "Binti yangu", nikaandika "mama yako", na neno lililofuata halikutoka. Likatoka "anakusalimia". Nilipoliona kwenye karatasi, nilipata nafuu kidogo, kwa dakika ile alikuwa anasalimia kweli. Barua ya Krismasi nayo hivyo. Baada ya hapo sikujua pa kurudi. Ulipoandika kwamba unawafundisha watoto kuangalia palipokwama, nilishikwa na hofu ambayo sikuipata hata kwenye ile ofisi. Nilikutukana kwa sababu nilijua nitakamatwa, na nilijua ni nani atakayenikamata.

Kumtuma Tajudini amlete kulikuwa wazimu. Sikujua ningemwambia nini gatini.

Kuhusu milango. Ilikuwa miwili. Wewe ulisema kweli. Sisi tulitoka kwa ule wa nyuma, nami kichwani mwangu ukabaki huo mmoja tu, ule wa mbele sikutaka kuukumbuka kwa sababu ndio walioingilia. Nimelijua hili tangu nikiwa na miaka kumi na tano. Baba alikufa akidhani labda ni wewe uliyekosea. Unisamehe kwa hilo kwanza, kabla ya mengine.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Irène. Nimeandika mwenyewe, hakuna mahali mama anasema. Mpe ukiwa naye, Dieudonné awepo, asiwe peke yake. Ndivyo mama yake alivyotaka.

Murhula


Kinama
7 Julai 2024

Yaya wangu,

Nimelia vya kutosha kuweza kuandika, kwa hiyo pokea pole yangu kwanza, pole ya miezi saba iliyochelewa. Ulikaa na msiba peke yako kama mwizi na mali. Nina hasira nawe, na nikikuona nitakukumbatia kabla ya kukutukana, upange hivyo.

Nilimpa barua Jumamosi ya tarehe 29 Juni asubuhi, baada ya chai. Dieudonné aliweka kiti upande mmoja, mimi upande wa pili. Irène aliitazama bahasha, akachukua penseli kama alivyozoea, kisha akairudisha mezani. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari, kitu ambacho hafanyi tangu darasa la pili. Alipomaliza hakulia mara moja. Akauliza, "Walimufunga na plastiki, alikuwa na baridi?" Dieudonné akasema apana, mtoto, hakusikia baridi. Ndipo alipolia, nasi tukamshika pande zote mbili mpaka mchana.

Tumefanya matanga siku mbili hapa uani. Watu wa Gasenyi waliokuwa wanasali na Consolée walikuja na nyimbo zao, wakaimba zote ambazo hazikuimbwa Kalemie. Télesphore, yule wa mkutano, alileta viti vya kanisa lake na kukaa mpaka mwisho. Tajudini alisimama kwenye kizingiti, haingii, hatoki. Irène akaenda akamshika mkono: "Papa Tajudini, we ulimuzika mama yangu. Ingia." Mwanaume yule akaketi chini akalia kuliko ndugu wote. Kitenge cha ndege wa kijani alijifunga Irène. Kinaburuta kidogo, hataki kikatwe.

Jana ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya mwaka wa shule. Hapana, nimechanganya, leo ni Jumapili, ilikuwa juzi. Nilifungua sanduku na kumrudishia kila mtoto daftari lake aende nalo nyumbani, ili Télesphore na wenzake waone kwamba hakuna anayeyapeleka popote. Libère ameandika kwenye ukurasa wa mwisho, "Sasa ninasikiliza kidogo." Irène alikaa nyuma akiandika wakati wenzake wakiruka kwenye madawati. Amenipa ruhusa. Makosa ni yake.

"Nilichosoma: barua ya Baba ya kweli.

Nilikwama wapi: sikukwama.

Nilifanya nini: nilisoma mara moja. Halafu nikachukua zile za zamani zote nikazisoma tena. Kila mahali ameandika Mama anasema, nilisoma Baba anasema. Mama anakukumbuka kila siku, nilisoma Baba anakukumbuka kila siku. Sasa zinasikilika. Nitazichunga.

Nilijuaje kwamba nimeelewa: hasira yangu kwa Baba imeisha."

Nunua simu, Yaya. Ana swali moja kwako na hataki kuliandika.

Orpha